Hawo Alipokwenda Vichakani, Mimi Nikabaki

Wajukuu wangu wakileta wenzao nyumbani, swali huwa ni lile lile: Bibi, kazi ya ubalozi uliianzia wapi? Wanataka niseme Roma, au New York, au angalau Addis Ababa. Nikiwaambia Garissa wananitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Basi leo nimekaa kitako niwaeleze yote, tangu kutoka mpaka kurudi, nipumzike na maswali.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, vita vya shifta vikielekea ukingoni. Kule kaskazini mashariki kulikuwa na watu waliotaka jimbo lao lijiunge na Somalia, serikali ikasema haiwezekani kabisa, na bunduki zikaanza kusema; waasi hao ndio walioitwa shifta. Kwetu Lamu tulivijua vita hivyo kwa karibu. Mjomba wangu alilikimbia shamba lake la bara na hakulirudia tena. Kwa hiyo msinione mtakatifu: nilipopanda gari kwenda Garissa sikuwa na huruma nyingi moyoni.

Mwaka huo huo serikali mbili zikakaa mezani, ugenini, zikaelewana. Mimi nilikuwa katika ujumbe wetu, afisa mdogo kuliko wote na mwanamke peke yangu, kazi yangu kuandika yaliyosemwa. Tuliporudi Nairobi tukadhani tumemaliza. Kumbe wazee wa Garissa wamemwambia DC, mkuu wao wa wilaya, kwamba redio wameisikia, lakini hawamjui anayesema ndani yake. Walitaka mtu aliyekuwa katika chumba kile aje awatamkie kwa kinywa chake kwamba vijana walioko vichakani wakitoka na silaha zao hawatadhurika.

Wakubwa wangu wakatazamana. Barabara ya Garissa wakati huo ilikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, na ghafla kila mmoja akawa na udhuru. Huyu mgongo unamsumbua, yule ana harusi ya binamu, wa tatu hakusema sababu ila alitoka akaenda kuvuta sigara na hakurudi. Mkuu wa idara akanigeukia mimi.

"Zuhura, wewe Mwislamu. Na Kisomali unakijua."

Kisomali changu kilikuwa cha kuombea maji, nilichookota kwa shangazi aliyeolewa Kismayu. Lakini nilikuwa kijana na kiburi kimenijaa, nikasema nitakwenda. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka mabomu.

Alfajiri tuliondoka Thika kwa msafara: lori la askari mbele, Land Rover yetu katikati, lori jingine nyuma. Dereva aliniagiza nisinyanyue miguu kutoka kwenye magunia ya mchanga waliyoyapanga sakafuni. Nikamuuliza magunia yanasaidia nini bomu likilipuka. Akasema hajui, lakini waliokuwa nayo hawajarudi kulalamika. Nikaikaza miguu juu ya magunia mpaka Mwingi.

Mchana, baada ya Mwingi, nchi ilifunguka ikawa tambarare na nyekundu, miiba pande zote, jua limesimama kichwani halisogei. Dereva alikuwa akikanyaga alama za lori la mbele kana kwamba ameambiwa akitoka nje atanyongwa. Kila tulipopita mahali ambapo udongo ulionekana umechimbwa karibuni, wote garini tuliacha kuzungumza. Nilisoma kila aya niliyowahi kufundishwa madrasa, na zilipokwisha nikaanza upya.

Jioni tukavuka Tana tukaingia Garissa. Wallahi sijapata kuupenda mto kama siku ile, na mimi mtu wa bahari. Miti ya mikoma ilikuwa imesimama kingoni, wanawake wanateka maji, na zaidi ya hapo mji ulikuwa umenyamaza. Soko la mifugo, ambalo nilisikia lilikuwa na ngamia mpaka wanazibana njia, lilikuwa uwanja mtupu wenye mavi makavu.

DC alinipokea kwenye baraza ya nyumba yake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alizungumza haraka kama anayeogopa kukatizwa.

"Dada, mimi nina idhini ya kuwapokea hao vijana. Wakija na bunduki zao, nawaandikisha, nawaachia waende kwa mama zao. Lakini hakuna anayeniamini."

"Na wanajeshi?"

"Nitawazuia wasipite upande wa Dadaab, waliko hao vijana, mpaka jibu lao lirudi. Nimekupa neno langu."

Nikalichukua neno lake. Sikuwa na kingine cha kuchukua.

Asubuhi nikapelekwa kwenye kijiji kimoja nje ya mji, upande wa kuelekea Dadaab. Nasema kijiji, lakini kilikuwa uwanja uliozungushiwa seng'enge, na ndani yake watu waliokusanywa na serikali kutoka malishoni wasipate kuwalisha shifta. Vibanda vya matawi na mikeka vilisongamana. Lango lilifunguliwa asubuhi, likafungwa jioni, na yeyote aliyekutwa mbali na seng'enge bila askari alihesabiwa kuwa adui na kupigwa risasi. Wafugaji waliozoea kuhama na mvua walikuwa wamekaa pale wakitazama ngamia wao wakifa mmoja mmoja. Ile hasira niliyotoka nayo Lamu ikapungua. Haikwisha, lakini ilipungua.

Wazee wakanisikiliza. Niliwaeleza nani aliketi wapi, nani alisema nini, nani alikasirika, na nani alimpa mwenzake mkono wa kwanza. Hawakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, mmoja wao akauliza kwa upole ni nani basi atakayeyapeleka maneno hayo vichakani. Nikasema DC ana makaratasi yatakayomwagwa kwa ndege. Wakainama wakatazama viatu vyao kwa adabu, na hapo nikajua nimesema upuuzi.

"Mimi nakwenda," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye shuka la manjano, amesimama na wenzake nje ya duara la wazee. Jina lake Hawo. Kabla ya seng'enge alikuwa akiuza maziwa ya ngamia Garissa mjini, na Kiswahili alijifunza kwa kubishana bei na makarani wa serikali, ila p ilimtoka b na v ikamtoka f. Mumewe alikufa zamani. Mwanawe wa pekee, Abdi, alikuwa na bunduki huko vichakani pamoja na wenzake.

Nikamuuliza kwa nini asiende mwanamume. Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kuvaa viatu.

"Mwanaume akienda wanauliza, wewe mtoto ya nani, ukoo yako iliua nani. Mimi nimezaliwa kwa hao watu wa huko, nimeolewa kwa hawa wa hapa. Nani atanibiga? Huko kuna ndugu yangu, hapa kuna ndugu ya mtoto yangu. Tangu zamani kazi ya kubeleka maneno wakati ya fita ni ya mwanamke."

Na mimi nilikuwa nikijiona mwanamke wa kwanza katika kazi hii. Hawo akaendelea, sasa akihesabu kwa vidole.

"Lakini kuna desturi. Aliyenituma anakaa kwa nyumba yangu. Anakula kwa sufuria yangu. Nikirudi, yeye anakwenda."

"Yaani mimi ni mateka?"

"Mateka ni maneno mbaya, abaayo. Wewe ni mgeni." Akafikiri kidogo. "Lakini mgeni hatoki."

Abaayo kwao ni dada. Aliniita hivyo siku zote, hata alipokuwa akinitia pingu kwa maneno. DC alipopelekewa habari akajibu kwamba uamuzi ni wangu. Nikamwona Hawo akifunga tende chache na chupa ya maji kwenye pembe ya shuka lake, mwanamke anayekwenda peke yake mahali ambapo askari wetu wanapiga kila kinachotikisika, kwa sababu ya neno nililolitamka mimi. Ningesemaje siwezi kukaa? Aliondoka asubuhi, lango lilipofunguliwa, na hakugeuka nyuma.

Siku zile ndani ya seng'enge nilikaa kwa mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Ayeeyo, maana yake bibi. Alikuwa mkavu na mdogo, ulimi kama wembe. Kiswahili hakujua, na Kisomali changu kilimchekesha hata akashika mbavu. Alinifundisha kupika chai yao kwa kunipiga kikofi kila nilipokosea. Nilipanga foleni ya maji na wanawake wengine, askari ametusimamia. Mchana nilikaa kibandani nikihesabu visingizio vya wale wakubwa wangu watatu, nikiwatukana kwa zamu.

Jioni moja nilimweleza Ayeeyo, kwa maneno yangu yaliyovunjika, habari za shamba la mjomba wangu na minazi yake iliyoachwa. Hakunipa pole wala hakujitetea. Alinyoosha mkono akanionyesha zizi lake, lililokuwa na mbuzi wanne, kisha akaonyesha nje ya seng'enge, mbali, na kufungua viganja vitupu. Tukanywa chai.

Hawo alichelewa. Alikuwa amesema atarudi kabla ya Ijumaa, na Ijumaa ikafika hajaonekana. Ayeeyo akaacha kunitania. Mimi nikawa naenda langoni kutazama njia.

Asubuhi ile ya Ijumaa, jua limeshapanda, magari mawili ya jeshi yakasimama langoni. Akashuka luteni mmoja na askari wake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Akataka maji ya kujaza madebe yake, kisha, akasema, anaendelea mbele kwa njia ya Dadaab kusafisha vichaka.

Nilitoka mbio, kanga inanivuka.

"Luteni, huko kuna mjumbe wetu. Kuna watu wanakuja kujisalimisha. DC alisema hakuna doria upande huo."

"Mama, mimi nina amri ya leo. Hiyo ya DC sijaiona."

"Basi mpigie redio."

Akampigia, sina haki ya kusema hakujaribu. DC alikuwa amepanda ndege kwenda Wajir, na sauti ya mtu mwingine kabisa ikamjibu: endelea na amri. Luteni akaninyanyulia mabega. Jina lake lilikuwa Mutiso, Mkamba wa Kitui, mdogo kwangu kidogo.

Nikaona picha yote kama imewekwa mbele yangu. Hawo atatokea kwenye kona ya njia, nyuma yake vijana wenye bunduki, na hawa wataona bunduki kabla ya kumwona Hawo. Nilijaribu kila nilichofundishwa. Nilitaja wizara, nikataja makubaliano, nikataja majina ya wakubwa ambao mgongo unawauma. Luteni alisikiliza kwa heshima, huku akitazama madebe yakijaa.

Nikamgeukia Ayeeyo nikamweleza kwa Kisomali kibovu: anakwenda, sasa hivi, njia ya Hawo.

Ayeeyo hakupiga kelele wala hakuomba. Alijifunga shuka vizuri, akamwendea luteni, akamsalimia kwa salamu ndefu ambayo hakuielewa hata neno moja, kisha akaenda zizini. Alisimama kati ya mbuzi wake wanne. Akamshika mmoja taya, akamfungua kinywa, akamwacha. Akamshika wa pili. Akafika kwa jike moja kongwe, manyoya yamepukutika, matiti yamelegea, akamfungua kinywa akatazama kwa muda. Huyo akamtoa kwa kamba, akamwita mzee jirani aje na kisu.

"Anafanya nini?" luteni akauliza.

"Anakuchinjia," nikasema. "Umepita mlangoni kwake. Kwao, ukishachinjiwa, huondoki kabla ya kula. Ukiondoka umemtukana yeye na watu wote waliomo humu."

"Mimi sikuomba mbuzi."

"Mgeni haombi."

Damu ikamwagika mbele ya macho yake. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kutazama, na mbuzi mmoja kati ya wanne si jambo dogo. Luteni akatazama magari, akatazama kisu, akawatazama wale watu. Akavua kofia akaketi kwenye mkeka. Askari wake wakaketi pia, na hao hawakuhitaji kubembelezwa.

Nyama ikatiwa sufuriani. Ikachemka. Ikaendelea kuchemka. Ayeeyo alikuwa akichochea moto kwa vijiti vidogo vidogo, utadhani anachemsha dawa ya kidonda. Chai ikanywewa. Chai nyingine ikanywewa. Wanawake wakaleta uma wa mti wakaidunga nyama, ngumu kama soli ya kiatu, wakatikisa vichwa wakaongeza maji. Nikazungumza na luteni habari za Kitui, mvua ya Kitui, ng'ombe wa Kitui, nikamuuliza kuhusu kila shangazi yake. Nimekaa kwenye karamu za mabalozi zenye sahani kumi, lakini sijapata kusukuma mazungumzo kwa jasho kama siku ile.

Adhuhuri ikapita. Wanaume wakaswali Ijumaa, wakarudi, nyama bado. Luteni akatazama saa yake.

"Bado kidogo tu," nikasema.

"Umesema hivyo tangu asubuhi, mama."

Alasiri ndipo ilipopakuliwa, na hata hapo ilikuwa ya kupigana nayo. Askari wakawa wanatafuna, mishipa imewatoka shingoni, wakati mlinzi wa langoni alipopaza sauti kwamba kuna watu.

Nilisimama, na sijui nilisimamaje. Njiani, katikati ya vumbi, alikuwa Hawo na shuka lake la manjano, anatembea polepole kwa sababu mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nyuma yake ngamia mmoja, na juu ya ngamia bunduki zote zimefungwa pamoja kwa kamba kama kuni. Nyuma ya ngamia vijana waliokonda, mikono wameiachia wazi.

Askari wawili wakaruka kushika silaha. Nikasikia vyuma vikigonga.

"Kaeni," luteni akasema. Hakunyanyua hata sauti. Kipande cha nyama kilikuwa bado mkononi mwake. "Kaeni chini. Hamjamaliza kula."

Wakakaa.

Hawo akapita langoni. Aliniona mimi kwanza, akaniambia kana kwamba nilimwuliza, "Nimechomwa na mwiba. Bole bole nimefika." Kisha akashikilia nguzo ya lango. Nikamkumbatia, na nililia pale mbele ya jeshi na shifta bila aibu yoyote, kamasi na yote. Alhamdulillahi, nilikuwa nikisema, Alhamdulillahi, na sikuwa na neno jingine.

Abdi alikuja akasimama mbele ya bibi yake. Ayeeyo alimtazama juu mpaka chini, akamsema kwa muda mrefu juu ya nywele zake na nguo zake na adabu yake, kisha akamtilia nyama kinywani kwa mkono wake mwenyewe na kumshika kidevu akitafuna. Luteni Mutiso mwenyewe aliwahesabu wale vijana, akaandika majina, akakesha pale na askari wake wasije wakaguswa. Asubuhi DC alirudi kutoka Wajir, akatimiza alilosema. Nasema hivi kwa sababu najua si kila kijiji cha seng'enge kilipata bahati yetu, na kuna mama wengi wa jimbo lile waliongoja langoni asitokee mtu. Sisi walitokea.

Wakati wa kuondoka Hawo alinisindikiza mpaka garini akichechemea.

"Sasa mgeni anatoka," akasema.

"Na akirudi?"

"Akirudi, atabiga hodi kama mtu."

Safari ya kurudi nilisinzia na miguu juu ya magunia ya mchanga, mdomo wazi, sikujali. Luteni Mutiso alikuwa amepewa ruhusa ya nyumbani, akaomba nafasi katika gari letu mpaka Mwingi. Tukasimama hapo kunywa chai. Mara akaanza kucheka peke yake.

"Dada," akasema, "yule mbuzi hakuwa na jino hata moja."

Nikajifanya sijaelewa.

"Mimi nimezaliwa kwenye mbuzi. Nilimwona yule bibi akifungua vinywa. Aliwaacha wachanga wote akachagua yule ambaye hawezi kuiva mpaka jua lizame. Nilijua tangu kamba ilipomgusa shingoni."

"Mbona hukusema?"

Alikizungusha kikombe mezani. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Niliamka siku ile nina amri ya kwenda, na sina sababu ya kutokwenda. Nilimwomba Mungu tangu Garissa gari liharibike. Halikuharibika. Kisha yule bibi akafungua zizi." Akanywa chai. "Sasa nimeandika kwamba nilichelewa kwa sababu ya chakula cha wenyeji. Hakuna mkubwa anayeweza kunifunga kwa hiyo."

Baadaye nimetumikia miji mingi, nimekaa mezani na mawaziri waliokunja nyuso wakiniambia wana amri na hawana la kujadili. Wenzangu hujiandaa kuwashinda kwa hoja. Mimi, wajukuu zangu, huagiza chai kwanza, nikamtazama mtu mikono anavyokizungusha kikombe. Wengi wao, nikiwatazama hivyo, huwa wanaomba gari liharibike.